Kutu Chini ya Mafuta: Safari ya Fataki, Chumvi na Maji ya Moto

Ukimwuliza kijana wa leo maana ya neno fataki, huenda akakujibu kwa njia mbili. Atakuambia kwamba ni baruti za kuchezea zinazorushwa angani usiku wa kuamkia Mwaka Mpya. Au, ikiwa ni Mtanzania aliyesikiliza redio katika miaka ile ya kampeni ya kuwalinda wanafunzi wa kike, atatabasamu na kusema kwamba fataki ni mtu mzima anayewarubuni mabinti wa shule. Maana zote mbili ni halali. Lakini wazee waliobeba bunduki walilijua neno hili kwa maana ya tatu, ambayo sasa inasahaulika: kijikombe kidogo cha shaba, kipana kama punje ya choroko, kinachokaa kwenye kitako cha risasi. Mtambo wa bunduki ukiachiwa, kijikombe hicho hugongwa, huwaka, na mwako wake ndio unaoiwasha baruti.

Makala haya ni historia ya fataki hiyo ya tatu, na ya kutu ambayo kwa karibu karne moja na nusu ilikula mitutu ya bunduki za dunia nzima huku wenye bunduki wakilaumu kila kitu isipokuwa mkosaji mwenyewe. Nimeona niiandike hapa, mahali pa washairi na wapenda lugha, kwa sababu sehemu kubwa ya historia hiyo imehifadhiwa katika maneno yetu, na maneno hayo yanatuponyoka.

Aibu ya kuruta

Jambo hili nililijua kwa aibu. Nilikuwa kuruta, kijana wa miaka ishirini hivi, katika mafunzo ya kujenga taifa, kabla sijaingia chuo cha ualimu. Siku ya kulenga shabaha tulipewa bunduki za Kichina na risasi kumi kila mmoja. Jioni, afande aliyetusimamia, mtu wa makamo ambaye masomo yake ya darasani hayakuvuka darasa la nne, aliamuru maji yachemshwe katika sufuria la jikoni. Akatuagiza tuzifungue bunduki, tuyamimine maji hayo ya moto ndani ya mitutu na ndani ya bomba la gesi, tukaushe vizuri, ndipo tupake mafuta.

Sisi tuliotoka kidato cha sita tulitazamana. Tangu lini chuma kikaoshwa kwa maji ili kisishike kutu? Mimi niliyejiona mwerevu kuliko wenzangu nilisubiri afande ageuke upande wa pili, nikapitisha kitambaa kikavu, nikailowesha bunduki yangu kwa mafuta mpaka ikang'aa, kisha nikairudisha ghalani nikiwa nimeridhika.

Baada ya siku nne ukaja ukaguzi. Afande alilifungua bomba la gesi la bunduki yangu, akaitoa pistoni, akaniinulia mbele ya macho bila kusema neno. Juu palikuwa na mafuta safi. Chini ya mafuta palikuwa na kutu nyekundu kama udongo wa kichuguu.

"Mafuta hufunika, maji huosha," alisema hatimaye. "Wewe umefunika."

Nikaruka kichura mpaka jua likazama. Baadaye nilipopata ujasiri nilimwuliza, "Afande, kwani maji hayaleti kutu?" Alinijibu kwamba hata yeye aliwahi kuuliza hivyo, na aliyemfundisha, mzee mmoja aliyekuwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, alimwambia tu kwamba bunduki isiyooshwa kwa maji ya moto huliwa usiku. Sababu hakuijua. Nami sikuipata kwa zaidi ya miaka ishirini.

Shura, kiberiti na makaa

Ili kuielewa sababu hiyo yafaa tuanze na baruti yenyewe. Baruti nyeusi ya zamani ilitengenezwa kwa vitu vitatu, na vyote vina majina ya Kiswahili. Cha kwanza ni shura, ile chumvi nyeupe inayochomoza kwenye kuta zenye unyevu na kwenye udongo wenye samadi kuukuu. Cha pili ni kiberiti, kwa maana yake ya awali, yaani jiwe la manjano linalonuka linapoungua, kabla jina hilo halijahamia kwenye njiti za kuwashia moto. Cha tatu ni makaa.

Majina ya silaha nayo yana nasaba zake. Baruti na risasi ni maneno yaliyotufikia kwa njia ya Kiarabu, na risasi ni jina la madini ile nzito kabla ya kuwa jina la kitu kinachofyatuliwa. Bunduki imetoka katika neno la Kiarabu lililotaja kwanza aina ya kokwa, kisha kidonge cha kurushwa kilichofanana na kokwa hiyo, kisha chombo cha kukirushia. Lakini mzinga ni wetu: gogo lililotobolewa liwe nyumba ya nyuki likaazimwa jina ili kukiita chombo kinachonguruma. Na kiasi, neno la kawaida la kipimo, likawa jina la risasi kamili yenye baruti yake, kwa kuwa baruti ilipimwa kwanza, ndipo ikafungwa.

Mwenye gobore aliimimina baruti mdomoni mwa mtutu, akaishindilia kwa mdeki, akatia risasi, akashindilia tena. Baruti hiyo ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki kuwa gesi bali hubaki kuwa masizi na moshi mzito. Ndani ya masizi hayo mna chumvi zinazovuta unyevu wa hewa. Kwa sababu hiyo, tangu kale, kila mwenye bunduki alijua kwamba jioni bunduki huoshwa kwa maji. Hakuna aliyeona ajabu. Uchafu ulionekana kwa macho, ulinuka kama yai viza, na maji yaliuondoa.

Hapa historia yetu wenyewe inaingia. Askari wa Wajerumani katika Afrika Mashariki walibeba bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, yenye mtutu wa milimita 11 na iliyotumia baruti nyeusi. Mwaka 1905, watu wa Umatumbi walipoinuka, na baada yao makabila mengi ya kusini, walikwenda vitani na maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, wakiamini kwamba yangezigeuza risasi ziwe maji. Kinjikitile alinyongwa mwezi wa Agosti mwaka huohuo. Vita viliendelea hadi 1907, na njaa iliyofuata uchomaji wa mashamba na maghala iliua watu wengi kuliko bunduki. Nimefundisha somo hilo kwa miaka mingi na sijapata kulitamka kwa dhihaka, maana maji yale yaliwaunganisha watu ambao hakuna kilichokuwa kimewaunganisha kabla. Lakini tangu nilipojifunza habari za bunduki, hulikumbuka jambo moja kila ninapolifikia somo hilo: maji hayakuizuia risasi, na bunduki ileile ya baruti nyeusi haikuweza kudumu bila maji.

Mchungaji mwindaji wa ndege

Fataki iliingia kwa mlango mwingine. Kabla yake, bunduki iliwashwa kwa jiwe la gumegume, neno ambalo leo tunalisikia zaidi katika "mume gumegume", mwanamume asiyefaa kitu. Jiwe liligonga chuma, cheche zikaanguka kwenye baruti kidogo iliyowekwa nje ya mtutu, moto ukapenya tundu na kuiwasha baruti ya ndani. Mvua iliharibu kazi yote. Hata siku ya jua, palikuwa na mwale wa moto unaoonekana kabla risasi haijatoka.

Mwale huo ulimkera mchungaji mmoja wa Scotland, Alexander Forsyth, aliyehudumia kanisa la Belhelvie karibu na Aberdeen na kupenda kuwinda ndege. Ndege waliuona mwale wakaruka kabla hawajafikiwa. Forsyth akatafuta kitu kinachowaka kwa kugongwa badala ya kuguswa na cheche, na mwaka 1807 akapata hataza ya uvumbuzi wake.

Kitu hicho kilitokana na kemia ya Ufaransa. Katika miaka ya 1780, Claude Louis Berthollet alitengeneza chumvi iitwayo kloreti ya potasiamu, yenye oksijeni nyingi na tayari kuitoa. Wafaransa walijaribu kuitumia badala ya shura katika baruti. Mwaka 1788, katika jaribio lililofanyika Essonnes mbele ya Berthollet mwenyewe na mwanakemia mashuhuri Lavoisier, mchanganyiko huo ulilipuka na kuwaua watu wawili. Ulikuwa mkali mno kuwa baruti. Lakini kilicho kikali mno kwa kijiko chaweza kufaa kwa chembe, na chembe ndiyo iliyohitajika kuiwasha baruti ya kawaida.

Baadaye chembe hizo zikawekwa ndani ya kijikombe cha shaba, nacho kikawa fataki. Ndani yake mlikuwa na kemikali ya zebaki inayolipuka kwa kugongwa, kloreti ya potasiamu, na salfidi ya antimoni. Hiyo ya mwisho isiwatishe wasomaji. Ndiyo madini ambayo tangu zamani husagwa kuwa wanja. Washairi wa pwani wameyasifu macho yaliyopakwa wanja kwa karne nyingi bila kujua kwamba ndugu yake amelala ndani ya kila fataki.

Moshi unatoweka, kutu inabaki

Mwaka 1884, Mfaransa Paul Vieille alivumbua baruti isiyo na moshi, na mwaka 1886 jeshi la Ufaransa likapata bunduki ya kwanza ya kivita iliyoitumia, bunduki ya Lebel. Nchi nyingine zikafuata kwa haraka. Baruti mpya iliungua karibu yote ikawa gesi. Mtutu uliofyatuliwa risasi ishirini ulibaki uking'aa, na kitambaa kikipitishwa kilitoka na weusi kidogo tu. Askari na walenga shabaha walifurahi, wakadhani zama za maji zimekwisha. Kitambaa na mafuta vingetosha.

Lakini bunduki zilianza kuoza. Mtutu uliopakwa mafuta Jumamosi ulionekana salama Jumapili, na kufikia wiki iliyofuata mifuo ile iliyojisokota ndani yake, inayoizungusha risasi ili iende sawa, ilikuwa imeota vidoa vyekundu. Watu walidhani baruti mpya inaacha asidi ndani ya vinyweleo vya chuma, na kwamba chuma "hutoa jasho" baada ya siku mbili tatu. Maduka yaliuza mafuta ya kila namna kwa ajili ya asidi hiyo. Kutu haikujali.

Majeshi, kwa kuwa hayawezi kuisubiri nadharia, yaliokolewa na desturi. Waingereza waliendelea kuamuru kwamba bunduki ya Lee-Enfield iliyofyatuliwa imiminiwe maji yanayochemka. Walitengeneza faneli maalumu yenye shingo iliyopinda ili maji yapite mtutuni bila kuulowesha ubao. Ndani ya kitako cha bunduki hiyo mlikuwa na kichupa cha mafuta na kamba ya kusafishia, vitu ambavyo askari alikwenda navyo popote. Maji ya moto hayakuwamo. Yalitoka jikoni, na jikoni haikuwa karibu kila wakati. Askari wa Keya waliibeba bunduki ya namna hiyo mpaka Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana katika bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa mvua za masika. Mtu aliyekaa katika unyevu wa namna ile alijifunza maana ya maji ya moto bila kitabu.

Chumvi ya bahari

Vita vya kwanza vya dunia vilitupa masomo mawili zaidi hapa nyumbani. Mwaka 1914, kampani nyingi za askari wa Wajerumani zilikuwa bado na ile Mauser ya 1871, na kila askari alipofyatua, wingu jeupe la moshi lilimwambia adui mahali alipo. Waingereza walipotua Tanga mwezi wa Novemba na kushindwa, wakishambuliwa hata na nyuki, waliacha nyuma mamia ya bunduki za kisasa, bombomu 16 na risasi zaidi ya nusu milioni. Kamanda Lettow-Vorbeck alipata silaha za kutosha kampani kadhaa, na askari hao wakaondokana na moshi.

Somo la pili lilikuja Aprili 1915. Meli ya Kijerumani Rubens, iliyojifanya kuwa ya Denmark, ililipita zuio la Waingereza ikiwa na shehena ya bunduki na mamilioni ya risasi. Meli ya kivita ya Uingereza iliifuata mpaka ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikaipiga mpaka ikaketi kwenye kina kifupi. Waingereza walipoondoka, sehemu kubwa ya shehena iliopolewa. Risasi zilikuwa zimelowa maji ya bahari, na zikawa zinagoma kuwaka. Ikabidi zifunguliwe moja moja, baruti isafishwe na kukaushwa, na baadhi ya fataki zibadilishwe.

Naomba msomaji aitazame picha hiyo kwa makini. Watu wamekaa wakiihangaikia chumvi ya bahari iliyoingia katika risasi kutoka nje, nao hawajui kwamba ndani ya fataki hizohizo wanazozikausha mna chumvi nyingine inayosubiri kuzaliwa.

Jibu

Jibu la kitendawili lilipatikana mwaka 1922. Mwanakemia Wilbert J. Huff, akiifanyia kazi Ofisi ya Migodi ya Marekani, alichapisha uchunguzi uliohusu kutu inayotokea chini ya utando wa mafuta. Alionyesha kwamba kinachoachwa mtutuni si asidi ya baruti. Kloreti ya potasiamu inapowaka hutoa oksijeni yake yote, na kinachobaki ni kloridi ya potasiamu, ndugu wa damu wa chumvi ya mezani. Chumvi hiyo hurushwa ndani ya mtutu pamoja na gesi, ikaganda kwenye chuma kama vumbi lisiloonekana. Hewa ikiwa kavu, hukaa kimya. Hewa ikiwa na unyevu, huuvuta, hugeuka kuwa maji ya chumvi, na kutu inaanza. Zama za baruti nyeusi, chumvi ya fataki ilizamishwa katika masizi mengi na kuoshwa pamoja nayo. Baruti mpya ilipoyaondoa masizi, iliondoa pia sababu ya watu kutumia maji.

Mimi jibu hili nililipata kwa mwalimu mwenzangu wa kemia, katika ofisi ya walimu, siku niliyomsimulia kisa cha kichura. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka.

"Mwalimu," aliniambia, "chumvi haiyeyuki katika mafuta."

Sentensi hiyo ina maneno machache tu, na ilinitosha. Mafuta yaliizunguka chumvi bila kuigusa, na unyevu ukaupenya utando wa mafuta taratibu mpaka ukaifikia. Maji, ambayo chumvi huyeyuka ndani yake papo hapo, yangaliibeba yote na kuimwaga chini. Maji ya moto yana faida moja zaidi: hukipasha chuma joto kikakauka chenyewe kabla ya kupakwa mafuta. Afande alikuwa sahihi kwa kila hatua, pamoja na mpangilio wa hatua zenyewe.

Wataalamu wa viwanda walilitatua tatizo kwa njia yao. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920, viwanda vya Ujerumani na Marekani vilikuwa vikiuza risasi zenye fataki isiyo na kloreti. Wawindaji walizipokea kwa furaha. Majeshi yalisita, kwa kuwa fataki ya kloreti ilikuwa imethibitika kwamba hukaa ghalani miongo mingi ikawaka siku inapohitajika, na jenerali huogopa risasi inayogoma kuliko mtutu unaooza. Marekani ilibadilisha risasi zake nyingi za kijeshi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Nchi za Kikomunisti ziliendelea na fataki ya zamani kwa miongo mingine kadhaa. Ndiyo maana kuruta mmoja alikutana nayo katika bunduki ya Kichina.

Walenga shabaha wa leo

Mtu aweza kudhani kwamba habari hii imekwisha. Haijaisha, kwa sababu ya mchezo wa kulenga shabaha kwa bunduki kuukuu za kijeshi. Mchezo wa shabaha una historia ndefu Ulaya. Tarehe 2 Julai 1860, Malkia Victoria aliyafungua mashindano ya kwanza ya chama cha bunduki cha Uingereza huko Wimbledon, kwa kuvuta uzi uliofungwa kwenye bunduki iliyokuwa imekazwa juu ya kiegemeo. Mwaka 1890 mashindano hayo yalihamia Bisley, na yapo huko hata sasa. Uswisi ina sikukuu yake ya kila mwaka ya shabaha, ambamo watu wa vijijini na mijini hulenga kwa umbali wa mita 300, wengine kwa bunduki za jeshi za enzi za babu zao.

Marekani nako kuna mashindano yaliyotengwa kwa bunduki kuukuu peke yake, na kanuni hudai ziwe kama zilivyotoka kiwandani. Anayeshiriki hutaka kujua kwa bega lake mwenyewe namna askari wa zamani alivyolenga. Baada ya Umoja wa Kisovyeti kuvunjika mwaka 1991, soko la huko lilifurika bunduki za Mosin-Nagant, muundo wa mwaka 1891 ambao zaidi ya milioni 30 zilitengenezwa. Risasi zake ziliuzwa kwa bei ya chini sana, zikiwa katika makopo ya bati yaliyozibwa, risasi 440 kwa kopo, na makopo mawili kwa sanduku la mbao. Nyingi zilikuwa na fataki ya kloreti. Risasi iliyofungwa zamani za Khrushchev huwaka leo kama iliyotengenezwa jana, na chumvi yake hula leo kama ilivyokula siku zile.

Kwa hiyo walenga shabaha wa Marekani na Ulaya wamelazimika kujifunza upya alichokijua mzee wa Keya. Wengine hubeba chupa ya maji ya moto mpaka uwanjani na kuyamimina mtutuni kabla ya kufunga safari ya nyumbani. Wapo wanaoapa kwa dawa ya kusafishia vioo yenye amonia, wakiamini kwamba amonia huivunja chumvi. Amonia hupambana na asidi, na hapa hakuna asidi. Kinachofanya kazi katika chupa ile ni maji tu. Wenye hekima wasioijua risasi yao huipima: huondoa baruti na kichwa cha risasi moja, huielekeza kwenye kipande cha chuma kilichosuguliwa, huifyatua fataki peke yake, kisha hukiacha chuma hicho mahali penye unyevu usiku kucha. Asubuhi chuma hueleza chenyewe. Na wote hukumbushana kutosahau kuosha mtambo, na pistoni kwa bunduki zenye bomba la gesi, hata kama mtutu umepakwa kromu. Sehemu hiyo ya mwisho sikuhitaji kukumbushwa.

Tuiiteje?

Nimefika penye swali lililonifanya niandike. Waingereza na Wamarekani wana jina moja la kitaalamu kwa risasi za namna hii. Sisi hatuna. Nimejaribu kulitafuta. "Risasi ya kutu" haifai, kwani msikilizaji atadhani risasi yenyewe imeshika kutu, hali yaweza kung'aa kama dhahabu. "Risasi haribifu" ni mbaya zaidi, maana ipo risasi isiyoharibu? Kiswahili kinasema chuma huingia kutu, hushika kutu, huliwa na kutu. Hilo la mwisho ndilo tamu kuliko yote, kwa kuwa linamtaja mlaji na mliwaji. Twaweza kusema "risasi inayokula mtutu". Lakini mimi napendekeza "risasi ya chumvi". Jina hilo linataja sababu badala ya matokeo. Anayelisikia hujua papo hapo dawa ni nini, kwa sababu kila mtoto aliyewahi kuosha chungu anajua kwamba chumvi huondolewa kwa maji, si kwa mafuta.

Mtaniuliza faida yake ni nini, nchi isiyo na mashindano ya bunduki kuukuu ihangaike na jina hili. Nami nitawarudisha ofisini mwa walimu. Mwenzangu yule alinipa jibu kwa sentensi moja ya Kiswahili, kisha akaendelea kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha aliyoisomea kemia na ndiyo aliyoifundishia. Darasani mwake wanafunzi walikariri kwamba kloreti ikipashwa joto hutoa oksijeni na kuacha kloridi. Walifaulu mtihani. Hakuna hata mmoja aliyeambiwa kwamba somo hilo liliwahi kuitwa fataki, shura, kiberiti na wanja, wala kwamba babu zao huenda walilitekeleza kila jioni kwa sufuria la maji. Afande naye alikuwa na Kiswahili chote cha jambo hilo bila kemia yake. Elimu ilikuwa imekatwa vipande viwili, kila kipande kwa mtu asiyemjua mwenzake, na mimi nikawa katikati, nimeelimika kiasi cha kumdharau mmoja bila kumwelewa mwingine.

Sikurudi tena katika kambi ile, na afande yule sikumwona tena kumweleza kwamba alikuwa sahihi, na kwa nini. Ningependa kumweleza kwa lugha aliyonifundishia. Wenye jina bora kuliko "risasi ya chumvi", au wenye wazee waliosalia wanaokumbuka majina ya vyombo vya kusafishia bunduki zaidi ya mdeki, naomba waniandikie kabla maneno hayo hayajawafuata wenyewe kaburini.